Ulimi wa Gari la Baba

Kibondo,
Jumatano asubuhi.

Kwako mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa magoti yote mawili kama vile uko mbele yangu unachambua maharage, hata kama karatasi haijui kupiga magoti. U mzima? Kile kifua kimetulia, au bado unakohoa mvua ikinyesha? Miguu ya Bibi je? Na mahindi ya kule bondeni, mmeshapalilia au mnangoja udongo ukauke? Mimi mwilini ni mzima. Nakula, nalala, na Shangazi Perepetua ananitunza kama mtoto aliyemzaa mwenyewe. Ni moyo tu, mama, ndio ulionifanya nichukue kalamu.

Najua utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Mama, simu yako unaiweka sauti kubwa ili Bibi naye asikie. Bibi akisikia, jirani amesikia, na jirani akisikia, kisima kizima kimesikia. Jambo hili si la kisimani. Barua nimempa Mwalimu Nestori, mpangaji wa nyumba ya pili, ambaye anakuja Kasulu kwa shughuli za ofisi yao. Ameahidi kukukabidhi mkononi. Ndani ya bahasha kuna leso yangu ya shule, imefungwa fundo. Tafadhali usiifungue kwanza. Soma mpaka mwisho.

Unakumbuka siku ile ukoo ulipokaa baada ya arobaini ya baba, wakasema Landrova ibaki huku kwa Shangazi kwa sababu imekataa kuwaka, na mtu mmoja wa nyumbani awe karibu nayo. Macho yote yakanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina la kufanya ila kungoja matokeo. Baba mdogo Yohana ndiye aliyecheka peke yake. Alisema, "Mlinzi gani huyu? Hata hodi haitikii!" Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka nikiangalia chini, kwa sababu ni kweli.

Nilipofika huku sikukuta mchezo. Wiki ileile niliyoshuka kwenye basi, mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa bwana mifugo, aliibiwa gari lake, la zamani kama la baba. Walilikuta baada ya siku mbili kwenye shamba la mikaratusi, limechinjwa. Injini hakuna, milango hakuna, magurudumu hakuna, limebaki fremu tu na viti viwili vimewekwa pembeni kama vya wageni. Nilienda na Shangazi kumpa pole yule mzee. Alikuwa amekaa barazani ameshika funguo. Alizishika muda wote tuliokaa pale, na alipoinuka kutusindikiza alizifunga mkononi. Shangazi aliniambia njiani, "Haya magari mapya wezi hawayataki sana, yana mambo mengi. Wanataka haya ya zamani, kila kipande kina mnunuzi."

Kuanzia siku hiyo nikawa mlinzi kweli. Nilimwomba fundi wa kulehemu mnyororo chakavu wa trekta, nikaupitisha kwenye ekseli ya mbele na kuuzungusha kwenye kisiki cha mkaratusi pale uani, nikaweka kufuli. Mnyororo mwingine mwembamba nikaufunga kutoka usukani hadi kwenye kikanyagio cha klachi. Magurudumu niliyawekea magogo. Popi, mbwa wa Shangazi, nilimhamishia kibanda chake kikakaa ubavuni mwa gari. Na kila Jumapili asubuhi nilikuwa nafungua kufuli zote na kuifuta minyororo kwa oili chafu, maana mvua za huku hazichezi, kufuli lisipopakwa mafuta mwezi mmoja tu huliwezi tena.

Nilikuwa nalisafisha na ndani. Mama, Kobe, kama baba alivyoliita gari hili, bado ana harufu yake. Kiti kimebonyea pale alipokaa, na kirungu cha gia kina shimo la kidole gumba chake. Nilifuta kila kitu isipokuwa kioo cha ndani. Kile kioo bado kimeelekezwa kwenye macho yake. Mimi nikikaa pale sijioni, naona kipande cha mlima tu nyuma ya nyumba. Mara nyingine nilikuwa nakaa hivyo, nikiangalia mlima ambao yeye ndiye angepaswa kuuangalia, mpaka Shangazi aniite nikaange vitunguu.

Sasa nikuambie habari ya ulimi.

Shangazi alimleta Fundi Hamisi, yule mwenye duka la vipuri karibu na soko, ambaye babu yake alitoka pwani na yeye bado anaongea kama mtu aliyeshuka jana. Mafundi wengine wote walikuwa wamesema betri, wamesema koili, wamesema injini imekufa pamoja na mwenyewe. Fundi Hamisi alifungua boneti, akafungua kile kikombe cheusi chenye nyaya za plagi, akachungulia, akaanza kucheka.

"Mama Perepetua, gari lako halina ugonjwa wowote," alisema. "Limeng'olewa ulimi."

"Ulimi?"

"Rota. Kidude kidogo hivi, kinazunguka humu ndani. Bila hicho, utapiga hendeli mpaka uzae. Marehemu alikuwa mjanja bwana! Alikuwa akiegesha anakichomoa anaondoka nacho. Mwizi aje na ufunguo, aje na dua, gari halisemi." Akanigeukia mimi niliyekuwa nyuma ya mlango. "We binti mlinzi, alikuwa anakiweka wapi?"

Mama, nilikumbuka palepale. Kila tulipofika mahali baba alikuwa anafungua boneti, anachomoa kitu kama kofia ya uyoga, anakifunga kwenye kipande cha nailoni na kukitia mfuko wa ndani wa lile koti la kahawia. Siku ile alipozidiwa alikuwa ameegesha hapahapa kwa Shangazi. Alipelekwa hospitali kwa gari la mtu mwingine, na koti lilikuwa mwilini.

Na koti hilo, mama, ulimvisha Baba mdogo kwa mikono yako tulipogawa nguo za marehemu. Namkumbuka amepiga magoti mkekani, wewe ukamfunga kifungo cha juu, kisha Bibi akampa zile buti. Hakuna aliyegusa mifuko. Nyumbani kwetu hatupekui mifuko ya marehemu, Bibi anasema ni kumpekua mwenyewe akiwa hawezi kujitetea. Basi tukampa Baba mdogo koti na kilichokuwamo, tukamwachia mlinzi mnyororo.

Nilisema kwa sauti ndogo, "Kiko kwenye koti la baba. Analo Baba mdogo." Ndiyo maneno niliyosema, na ndiyo yanayoninyima usingizi. Shangazi alimpigia simu Baba mdogo kule Kasanda hapohapo. Nilimsikia akimweleza taratibu: mfuko wa ndani, kimefungwa nailoni, kidogo kama uyoga, ndicho kinachowasha gari. Akangoja. Kisha akasema, "Basi, kama hakuna hakuna," akakata.

"Amesema mfuko una tundu," alituambia. "Labda kilidondoka."

Fundi Hamisi akasema ataulizia kingine Kigoma mjini, na kwamba hata hivyo tusihuzunike, gari bubu ni gari salama. Aliondoka anaimba. Mimi nilibaki nimesimama. Lile koti nilikuwa nalifua mimi, mama. Mfuko wa ndani haukuwa na tundu. Lakini nani angesema hivyo mbele ya Shangazi, kumhusu mdogo wa baba? Nilijiambia koti huchakaa.

Zikapita wiki tatu.

Jumapili iliyopita Shangazi alienda misa ya kwanza, na majirani karibu wote walikuwa wameenda. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri na ukungu bado uko chini, nyumba ya Mwalimu Nestori ilionekana paa tu. Mimi nilikuwa nimechuchumaa upande wa kushoto wa Kobe, minyororo yote miwili mapajani, naifuta. Nikasikia mtu getini.

"Hodi."

Unanijua. Nikiwa peke yangu hodi siiitikii, nanyamaza mpaka mtu achoke. Ikaja ya pili, kisha ya tatu, kwa sauti ya chini, kama ya mtu anayeomba asijibiwe. Kisha komeo likasogea.

Popi aliinuka. Nikangoja abweke. Hakubweka. Alianza kulia kwa furaha, kile kilio chembamba alichokuwa akimlilia baba kila akija na mifupa, na mkia wake ukawa unapiga ndoo ya bati, pa, pa, pa. Niliinama nikachungulia chini ya gari kuona ni nani.

Niliziona buti za baba.

Mama, ni zilezile. Ya kushoto ilikuwa na ule mshono wa uzi wa wavu wa buluu kwenye kidole, aliposhona mwenyewe baada ya kuangukiwa na jeki. Zilikuwa na matope mekundu. Zilikuja zikasimama mbele ya gari, zikatulia kidogo, kama yeye alivyokuwa akitulia kabla ya kufungua boneti. Nikasikia boneti linainuka. Nikasikia kifuniko cha kile kikombe kinabanwa, tik. Buti zikazunguka upande wa dereva, mlango ukafunguka, hendeli ikatolewa nyuma ya kiti, mahali pake pa siku zote. Hakutafuta. Mtu huyu hakutafuta kitu chochote.

Akazungusha mara moja, akapumzika. Mara ya pili, akapumzika. Ya tatu Kobe akakohoa. Mama, alikohoa kikohozi cha baba, kile cha siku zile za mwisho, viwili vifupi na kimoja kirefu. Kisha akawaka.

Mimi nilikuwa nimeshatambaa mpaka nyuma ya jiko, na kutoka pale niliona mgongo. Koti la kahawia, kola imeinuliwa, kofia, na kwenye kiwiko kile kiraka ulichokata kwenye sketi yangu ya shule ya msingi. Alitoa magogo kwenye magurudumu, akapanda, akarudi nyuma polepole mpaka barabarani. Nilifungua mdomo niseme "Baba". Haikutoka sauti.

Sikuogopa, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Nilifurahi. Nisamehe. Nilikuwa mlinzi, gari linaondoka mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nafurahi kwa sababu baba amekuja kulichukua gari lake, na nilitamani tu angegeuka aniangalie.

Nilisikia injini ikishuka kuelekea daraja la mbao. Ndipo nikakumbuka koo.

Hili hulijui, mama. Baba aliniambia ni siri ya watu wawili. Mwaka ule Baba mdogo alipoacha utingo akarudi Kasanda kulima, baba alifunga koki ndogo kwenye bomba la petroli, chini ya kiti chake, imefichwa na gunia. Mkono wake ulikuwa haupenyi vizuri, wangu ulikuwa unapenya. Kila tukiegesha aliniambia, "Editha, mfunge koo." Nikifunga, gari linawaka kama kawaida kwa mafuta yaliyobaki kwenye kabureta, linakwenda hatua mia mbili au tatu, kisha linazima na hakuna anayejua kwa nini. Baba alisema, "Mwizi mjinga atashindwa kuliwasha. Mwizi mwerevu atashindwa kufika nalo." Na tukitaka kuondoka, kabla hata ya kushika usukani, yeye mwenyewe ndiye aliyenikumbusha, "Mfungue koo." Hakusahau hata mara moja.

Koo nilikuwa nimelifunga, na huyu hakufungua.

Pale ndipo baba alipokufa kwa mara ya pili, mama. Pale nyuma ya jiko.

Nilitoka nikatembea. Sikukimbia. Nilikuwa bado nahesabu hatua nilipomsikia Kobe anakwama kwenye mwinuko baada ya daraja. Akatoa mlio mmoja, akanyamaza. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka mtoni na niliona koti limeinamia injini. Nilifika mpaka karibu kabisa ndipo akainua uso.

Sikujua niseme nini kwa hiyo nikasema tunachosema siku zote. Nilipiga goti pale kwenye matope nikasema, "Shikamoo, Baba mdogo."

Hakuitika marahaba.

"Hukwenda kanisani?" aliuliza.

"Nalinda gari."

Aligeuka akaangalia injini. Simu ikaanza kuita ndani ya koti, upande wa kifua, palepale kwenye mfuko wa ndani. Iliita mpaka ikakatika. Ikaanza tena.

"Kaka alilifunga wapi?" alisema. "Editha. Kuna mahali alifunga. Niambie."

Nilinyamaza.

"Watu wananingoja njia ya Mabamba. Nimeshawapa neno. Niambie mwanangu, niondoke, ukasema hukuona mtu. Nani atakulaumu? Wewe ni mtoto wa kike, wanaume walikuja, ukajificha. Basi."

Nilinyamaza. Maisha yangu yote mmenigombeza kwa kunyamaza, wewe, walimu, Bibi. Siku hiyo nilinyamaza kwa kukusudia. Akaja mbele yangu akanishika mabega, nikadhani atanipiga, na harufu ya baba ikanijia yote usoni kutoka kwenye lile koti. Nikaanza kulia. Naye akaniachia kama ameungua.

"Miaka kumi na moja," alisema, lakini hakuwa anasema na mimi. "Kaka ameshika usukani, mimi nimeshika jeki. Nimelala chini ya gari hili kwenye matope ya Mabamba, nimelisukuma, nimelizungusha hendeli mpaka mkono ukateguka. Akafa. Mkanipa koti. Mkanipa viatu, nikalisukume vizuri."

Uongo haumo katika maneno yale, mama.

Kengele ya kutoka misa ikalia. Na kabla hajasema lingine tukasikia baiskeli darajani, Fundi Hamisi huyo, ana mkate kwenye kapu.

"Alaa! Bubu kasema!" alipiga kelele kabla hata hajashuka. "Nimesikia mlio nikiwa dukani, nikasema hii sauti naijua. Yohana! Kumbe ulikipata? Si ulisema mfuko una tundu?"

Baba mdogo aliniangalia. Sijawahi kuangaliwa na mtu mzima namna ile. Mimi ndiye niliyekuwa na neno, na yeye ndiye aliyekuwa anangoja.

Nikasema, "Kilikuwa kimeingia ndani ya bitana. Ametuletea."

"Wanaume ndio hawa!" alisema Fundi Hamisi, akampiga bega. "Na mbona limezima?"

"Limeishiwa pumzi," nilisema.

Fundi Hamisi aliniangalia mimi, akaangalia kiti cha dereva, akaangalia barabara ya Mabamba. Tabasamu lake lilipungua kidogo. "Basi lisukumwe nyumbani," alisema. "Huko linakokwenda hakuna fundi."

Watu wa misa walikuwa wanafika, Shangazi mbele yao, ameinua kitenge juu ya magoti. Alipoona koti naye alisimama ghafla akashika kifua, akasema "Kaka", kisha akaona uso na kuanza kucheka na kulia pamoja. Tulilirudisha gari kinyumenyume mpaka darajani, tukaligeuza, kisha watu wote wakalisukuma kupanda nyumbani, wanakwaya kwa sauti zao, watoto, Mwalimu Nestori na miwani yake. Mimi niliwekwa kwenye usukani. Nilitazama kile kioo nikaona mlima, nikageuza shingo nikaona Baba mdogo nyuma kabisa, katikati ya watu, kichwa kimeinama, anasukuma kwa bega na zile buti zinateleza.

Shangazi alimchinjia kuku. Alimpa paja na firigisi, akamsifu mbele ya wageni kwamba ndugu wa kweli huonekana baada ya maziko. Baba mdogo alichovya ugali, akaushika mkononi mpaka ukapoa. Alisema tumbo linamuuma.

Alipoondoka nilimsindikiza mpaka getini. Alikuwa amechomoa kile kidude bila mtu kuona. Alikifungua kwenye nailoni, akakiangalia, akanitia mkononi. Kisha akakaa kwenye jiwe, akavua buti, akazipanga vizuri pembeni ya nguzo. Ndani ya mfuko wa plastiki alikuwa na ndala zake.

"Utamwambia mama yako?"

"Nitamwambia," nilisema. "Shangazi sitamwambia."

"Mwambie. Yeye ndiye aliyenivisha." Akavua na koti, akalikunja, lakini alipotaka kunipa mikono yake haikuliachia. Nikamwambia abaki nalo, kuna baridi. Sijui kama nilikosea.

Hayo ndiyo yaliyotokea, mama. Nimeyaandika yote na sijapunguza yangu. Wale watu wa njia ya Mabamba siwajui na hawajaonekana, lakini jana mchana pikipiki moja ilipita polepole mara mbili, na mwenye kukaa nyuma aliangalia uani kwetu. Minyororo yote iko mahali pake. Koo limefungwa. Fundi Hamisi sasa anapita kila jioni akitoka dukani, anapiga kengele ya baiskeli na kusema, "Binti mlinzi, bubu hajambo?" na nimeanza kumjibu.

Kilichomo ndani ya leso ni ulimi wa Kobe. Sitaki ulimi huo ulale nyumba moja na gari. Uweke pale unapoweka rozari yako, na usimwonyeshe mtu hata Bibi. Usijilaumu kwa lile koti. Ungeweka mkono mfukoni ungejua, lakini ungeweka mkono usingekuwa wewe.

Ila nina ombi, na nimelifikiria siku tatu. Misa ya kumbukumbu ya baba imekaribia, na uliniambia unataka gari lake liwepo nyumbani siku hiyo. Njia ya huku hadi Kasulu ina milima, na Kobe ana tabia zake: gia ya pili inaruka, breki zinapigwa mara mbili, na ikinyesha hakubali mpaka aimbiwe. Hakuna anayemjua isipokuwa aliyemsukuma. Mpigie simu Baba mdogo, mama. Usitumie sauti kubwa. Mwambie aje na koti lake, apitie kwako achukue ulimi mkononi mwako mwenyewe, amwangalie mtu anayempa, kisha aje huku ashike usukani alilete gari la kaka yake nyumbani mbele ya watu.

Mimi nitakaa pembeni yake njia nzima, mkono wangu ukiwa chini ya kiti, juu ya koo.

Zile buti nimezipakata nikazifuta matope, na nimeziweka uvunguni kwangu. Kuna asubuhi naamka nachungulia kwanza kama bado ziko. Mpaka sasa hazijaenda popote.

Mpe Bibi "mwakeye" yangu, salamu yetu ya asubuhi, na umshike viwiko vyote viwili kwa niaba yangu. Msalimie mdogo wangu Butoyi, mwambie madaftari yangu ni yake sasa ila yale ya hisabati asichane. Msalimie mjomba mwenye mizinga, na yule jirani wa kisimani, ila yeye mwambie tu kwamba sijambo. Shangazi anakusalimu sana na anasema kuku alikuwa mtamu.

Ni mimi mwanao, ninayekusikia ukikohoa hata huku,

Editha